Pesa ya Simu Inabebwa na Mtu

Hotuba kwa mkutano wa mawakala wa huduma za fedha, Morogoro

Ndugu Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa madiwani, wawakilishi wa benki na wa kampuni za simu mliofika, viongozi wetu wa dini, mawakala wenzangu kutoka Mlimba, Ifakara, Mikumi, Gairo na hapa mjini, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Kwanza nimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, maana najua wapo walioondoka nyumbani alfajiri na barabara za kwetu msimu huu mnazijua. Pili niwashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi.

Mada niliyopewa ni teknolojia ya kidijitali na mageuzi ya uchumi katika nchi zinazoendelea. Mada hiyo inatosha semina ya siku tatu, kwa hiyo nimeomba ruhusa niibane. Nitazungumzia pesa ya simu tu, kwa sababu ndiyo sehemu ya mageuzi hayo ambayo imemfikia bibi wa kijijini na mchuuzi wa nyanya kabla ya kitu kingine chochote. Na ndani ya pesa ya simu nitamzungumzia mtu mmoja, wakala. Hoja yangu naisema mapema ili asiyekubaliana nami aanze kujiandaa: uchumi wa kidijitali tunaousikia ukisifiwa kwenye mikutano mikubwa umejengwa kwa mtaji, miguu na uaminifu wa mawakala, na mipango inayofanyika sasa, ya makato, ya mikopo na ya malipo bila noti, inapangwa kana kwamba wakala hayupo.

Vijana wengi humu hawakumbuki maisha kabla ya muamala, kwa hiyo niwarudishe nyuma kidogo. Ukiwa Dar es Salaam na mama yako yuko Mlimba, hela ilisafiri kwenye bahasha. Unaikunja ndani ya karatasi, unaiziba kwa gundi, unaandika jina, unakwenda stendi kumtafuta kondakta unayemfahamu au anayefahamiana na jirani yako. Unampa na chake kidogo. Kisha unasubiri. Basi likiharibika njiani, mama analala bila kujua. Wengine waliwapa jamaa wanaosafiri kwa treni ya TAZARA. Waliokuwa na subira walikwenda posta. Benki ilikuwa ya watumishi na wafanyabiashara wakubwa; mkulima wa mpunga aliingia benki kwa woga, akiwa amevaa nguo za sikukuu.

Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa nchini Kenya. Wazo la mwanzo halikuwa kutumiana hela. Vodafone ya Uingereza, ikisaidiwa na fedha za serikali ya nchi hiyo, ilianza majaribio mwaka 2005 ili wateja wa taasisi ndogo ya mikopo warejeshe mikopo yao kwa simu. Watu wakapewa chombo cha kulipia deni, wao wakakitumia kumtumia mke kijijini, kumlipa fundi, kujitumia wenyewe kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Walioandaa mradi walikuwa wasikivu, wakaona watu wanaelekea wapi, wakawafuata. Mwaka 2008 huduma ikafika kwetu kupitia Vodacom, na mitandao mingine ikafuata, Zap iliyokuja kuwa Airtel Money, Tigo Pesa, EzyPesa, baadaye Halopesa na T-Pesa.

Sasa nataka mnisikilize vizuri kwenye hili. Watafiti wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliwafuatilia Wakenya kwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo kwenye jarida la Science. Waliona kwamba pesa ya simu ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, ambazo ni asilimia 2 ya kaya zote za Kenya. Waliona pia kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kwenye kilimo na kuingia kwenye biashara. Takwimu hizo zimenukuliwa duniani kote, na ninyi mmezisikia. Lakini ni wachache wanaosema watafiti wale walipima kitu gani. Hawakuhesabu simu, wala minara. Walihesabu mawakala. Waliangalia ni mawakala wangapi wamefunguliwa ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani kwa mtu, na mahali ambapo mawakala waliongezeka ndipo maisha yalipobadilika zaidi, hasa katika nyumba zinazoongozwa na wanawake.

Utafiti wao mwingine, wa mwaka 2014, ulionyesha jambo ambalo kila mwanamke aliyekaa hapa analifahamu bila kusoma jarida. Nyumba ikipatwa na janga, ugonjwa au mazao kuharibika, nyumba isiyotumia M-Pesa ilipunguza matumizi yake kwa wastani wa asilimia 7. Iliyotumia haikutetereka, kwa sababu ndugu wa mbali walituma. Ndugu walikuwepo tangu zamani na moyo wa kusaidia walikuwa nao. Kilichokosekana ni mahali pa karibu ambapo msaada wa Mombasa unageuka kuwa unga Kitui siku hiyohiyo. Mahali hapo ni kwa wakala.

Nimekuwa wakala Mlimba kabla ya kwenda kusoma uchumi, na nitaeleza kazi ile ilivyo, kwa sababu nimegundua kwamba hata wataalamu wanaopanga sera nyingi wanadhani ni kukaa kwenye kiti chini ya mwavuli na kubonyeza.

Watu wanasema pesa ya simu inaruka. Hairuki, inabebwa. Wakala anaanza na mtaji, tuseme milioni moja. Nusu anaiacha taslimu kwenye droo, nusu anaiweka kwenye laini ya uwakala kama floti. Mteja akija kuweka, noti zinaongezeka na floti inapungua. Akija kutoa, floti inaongezeka na noti zinapungua. Kwa maneno haya tu, mtu angedhani mambo yanajisawazisha. Hayajisawazishi. Mjini watu wanaweka, kijijini watu wanatoa. Kila siku floti inamiminika kuelekea vijijini na noti zinavutwa kurudi mjini, na katikati kuna mtu anayepaswa kuvirudisha mahali pake kwa mikono yake.

Chukua msimu wa mavuno ya mpunga. Wanunuzi wanakuja na magari, wanapima magunia, wanamlipa mkulima kwa simu palepale shambani. Mkulima anafurahi kwa sababu hatembei na bunda la hela njia ya msituni. Lakini vibarua waliomvunia wanataka noti. Mwenye mashine ya kukoboa anataka noti. Mama muuza chakula anataka noti. Saa nne asubuhi wakulima watatu wameshatoa, droo imekwisha, na foleni inaendelea. Kwenye laini nina floti ya kutosha kununulia pikipiki, na siwezi kumpa mtu hata elfu ishirini.

Unafanya nini? Unakwenda kwa mwenye duka la jumla. Yeye ana noti alizouzia sukari na mafuta tangu asubuhi, na anatakiwa kulipia mzigo wake Kariakoo. Mimi namtumia floti, yeye ananipa noti. Wote tumepona siku hiyo. Mpango huo hauko kwenye mkataba wowote wa kampuni. Umetokana na miaka ya kufahamiana, ya kukopeshana na kurudisha, ya yeye kujua kwamba nikisema nimetuma basi nimetuma. Siku duka la jumla limeishiwa, ni bodaboda hadi Ifakara, kwenye benki iliyokuwa karibu kwangu wakati ule, hela imefungwa tumboni ndani ya kanga, matope yanafika kwenye ngazi ya pikipiki. Foleni ya benki ni ileile ya kila mtu. Saa mbili zimepita, kibanda kimefungwa, na kibanda kikifungwa hakuna kamisheni. Januari, shule zinapofunguliwa, mambo yanageuka: wazazi wanakuja kuweka ada, floti inakauka, droo inajaa noti, na safari ya Ifakara inakuwa ya kuzipeleka.

Gharama hiyo ya nauli, ya muda, ya hatari ya kuporwa, haionekani kwenye ripoti yoyote. Inalipwa na wakala. FinScope, utafiti wa kitaifa wa matumizi ya huduma za fedha, wa mwaka 2023 ulisema asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017, na walio wengi sana kati yao wameingia kupitia simu, si kupitia mlango wa benki. Nchi inastahili kujivunia hilo. Mimi najivunia. Ninachotaka ni kwamba tunapopiga makofi tujue nani aliyekuwa kwenye bodaboda.

Na nieleze kwa nini kwetu mfumo huu ulifika hadi kwa bibi mwenye kitochi. Ulipitia menyu ya nyota mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Haihitaji bando. Haihitaji simu janja. Asiyejua kusoma alikuja na simu yake kwa wakala, akasomewa, akafundishwa kuficha namba ya siri kwa kiganja. Shule hiyo ilifundishwa na mawakala bila kulipwa hata shilingi, na ndiyo maana leo tuna watu wa kuwauzia bidhaa nyingine za kidijitali.

Kuna jambo jingine zuri lililofanyika hapa nchini ambalo halisemwi vya kutosha. Hela zetu zilizo kwenye simu haziko kwenye simu, na si mali ya kampuni. Ziko benki, kwenye akaunti ya amana, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015 pamoja na kanuni zake inalinda utaratibu huo. Fedha zikikaa benki zinazaa riba. Mwaka 2014 Tigo Pesa ikaanza kuwagawia wateja na mawakala riba hiyo, na Tanzania ikawa ya kwanza duniani kwa jambo hilo. Nalitaja kwa sababu linathibitisha kwamba tukiamua faida ya mfumo irudi kwa wanaoutumia, inarudi. Hakuna kanuni ya asili inayosema faida yote ipande juu.

Niende kwenye tozo.

Tarehe 15 Julai 2021 tozo mpya ya miamala ilianza, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa, juu ya makato ya kampuni yaliyokuwepo. Lengo lilielezwa wazi, na lilikuwa jema: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Vipo vituo vilivyojengwa kwa fedha hizo na watu wanatibiwa humo. Sitaki kulificha hilo, na mgeni rasmi asinielewe vibaya. Lakini mawakala waliokuwa kwenye vibanda wiki ile wanajua walichokiona. Mteja anauliza makato, anatajiwa, anakaa kimya, anarudisha simu mfukoni. Kondakta wa basi akaanza tena kupewa bahasha. Wenye maduka wakaanza kupokea noti kutoka kwa watu waliokuwa wameshazoea kutuma. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Serikali ilisikia, na kusikia ni sifa.

Uganda walipitia hayo kabla yetu. Julai 2018 waliweka kodi ya asilimia 1 kwenye kuweka, kutuma na kutoa. Watu wakapiga kelele, ikashushwa hadi asilimia 0.5 ya kutoa peke yake. Ghana waliweka asilimia 1.5 Mei 2022, wakashusha hadi asilimia 1 mwaka uliofuata, na mwaka 2025 wakaifuta kabisa. Kenya nao wamekuwa wakipandisha ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma fedha, kutoka asilimia 10 mwaka 2013 hadi 15 mwaka 2023, ila wao wanaukata kwenye ada ya kampuni na si kwenye hela yenyewe inayotumwa, na tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mtu anayetuma hela ya dawa.

Sisemi muamala usitozwe kodi kamwe. Nasema hela inayotoka kwa mtoto kwenda kwa mama yake imeshakatwa kodi ilipopatikana, na si mapato mapya kwa kuwa tu imesafiri. Ukiitoza kila inapopita, unawafundisha watu kuificha. Na anayeumia wa kwanza si tajiri, maana tajiri ana benki na ana hundi. Ni yule mwenye elfu kumi, na baada yake ni wakala wake.

Sasa mikopo. Hapa naomba niseme kwa uchungu kidogo.

Kenya walianza M-Shwari Novemba 2012, mkopo wa benki kupitia simu, na kwetu huduma za namna hiyo zikafuata kwa majina mbalimbali. Mkopo mdogo wa haraka wenye masharti ya wazi ni msaada. Mama anayeuza ndizi akipata mtaji wa alfajiri na kurudisha jioni amesogea. Lakini nyuma ya huduma hizo zikaja programu za simu janja ambazo hakuna aliyejua ofisi zake ziko wapi. Nipige hesabu moja hadharani. Unaomba shilingi 50,000. Unakubaliwa ndani ya dakika chache. Inayoingia kwenye simu ni 35,000, kwa sababu 15,000 imekatwa mwanzoni kama ada. Baada ya siku saba unadaiwa 50,000 kamili. Kwa hiyo umekopa 35,000 na kulipa 15,000 juu yake kwa wiki moja. Hiyo ni zaidi ya asilimia 42 kwa wiki. Mitaani watu wameshaipa mikopo hiyo jina lake, kausha damu, na jina limekaa sawasawa.

Na riba siyo sehemu mbaya kuliko zote. Wakati unaweka programu ile, ilikuomba ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu yako, ukabonyeza kubali kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Ukichelewa siku moja, ujumbe unakwenda kwa mkwe wako, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mchungaji, kwa mwajiri: huyu ni mdaiwa sugu, mwambie alipe. Nimekaa na dada mmoja, wakala kama ninyi, aliyeacha kwenda kwenye kikoba chake kwa sababu wanachama wote walipokea ujumbe ule. Kikoba kile ndicho kilichokuwa kinamkopesha kwa riba ndogo na kumzika ndugu zake. Mkopo wa elfu hamsini ukamkata kwenye chombo kilichomlea miaka yote. Uchumi wa nchi haukui kwa njia hiyo. Unakula akiba ya kuaminiana ambayo watu wetu waliiweka kwa vizazi.

Benki Kuu imechukua hatua. Agosti 2024 ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali walio daraja la pili, yaani wasiopokea amana za wateja, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majina ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na Tume yake ipo. Kenya nao walibadilisha sheria mwishoni mwa 2021 na kutoa kanuni Machi 2022. Hatua hizo nazipongeza. Lakini programu ikifungwa leo inafufuka kesho kwa jina jingine na rangi nyingine. Anayeweza kumzuia mteja kabla hajabonyeza kubali ni mtu anayemwamini na anayemwona kila siku. Mawakala wenzangu, mteja akija na simu kuuliza programu hii ni nzuri, msimwambie sijui. Mwambieni aangalie kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na mwambieni asikubali kamwe kutoa majina yaliyo kwenye simu yake. Kama hajui kuangalia, mwangalieni pamoja.

Kuhusu utapeli nitakuwa mfupi, maana hakuna humu ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019 na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, lakini ujumbe unaendelea kuja. Pelekeni kila ujumbe wa aina hiyo kwenye namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na bonyezeni nyota 106 reli kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Ninachotaka kukisema zaidi ni hiki: wakala akitapeliwa, hasara ni yake yote. Mtu anapiga akijitambulisha kuwa anatoka makao makuu, anajua jina la wakala, anajua namba yake ya uwakala, anajua hata kiasi cha kamisheni ya mwezi uliopita. Taarifa hizo wakala hakuzitoa yeye. Zimevuja mahali. Wakala anaamini, anafuata maelekezo, floti inaondoka. Akipiga huduma kwa wateja anaambiwa hela imeshatolewa na afungue kesi polisi. Haiwezekani mfumo ambao taarifa zimevuja kwenye upande mmoja, hasara ikalipwa na upande mwingine peke yake.

Sasa nitazame mbele, na hapa kuna jambo ambalo baadhi yenu mtalichukia. Noti zinapungua. Lipa namba, ya kumlipa mfanyabiashara kwa simu, imeingia kwenye maduka, kwenye vituo vya mafuta, kwenye genge la mboga. Kodi, ada, bili ya maji na leseni vinalipwa kwa kontroli namba, na umeme wa LUKU unanunuliwa ukiwa kitandani. Benki Kuu imejenga mfumo wa TIPS unaoziunganisha benki na mitandao ya simu ili fedha ihame papo hapo kutoka popote kwenda popote. Brazil Benki Kuu yao ilizindua Pix Novemba 2020, bure kwa mwananchi wa kawaida. India wana mfumo wa namna hiyo, UPI, tangu 2016, na mnunuzi wa chai ya barabarani analipa kwa kupiga picha kibandiko bila makato. Kwetu pesa ya simu ilijengwa na kampuni za simu, na ndiyo maana kila hatua ina bei. Naamini tunakwenda kule walikokwenda Brazil na India, na naamini ni vizuri twende, kwa sababu makato yetu bado yanamlemea zaidi anayetuma kidogo. Anayetuma elfu mbili analipa sehemu kubwa ya hela yake kuliko anayetuma laki tano.

Lakini wakala analipwa kwa kuweka na kutoa. Siku noti zikiisha, kamisheni inaisha. Tutakuwa tumewatumia watu hawa kuwavusha wananchi mto, kisha tunawaacha ndani ya maji.

Kwa hiyo nina maombi, na nitayasema mbele ya wahusika.

Kampuni za simu na benki: mlipeni wakala kwa kazi anayoifanya kweli. Akimfundisha mfanyabiashara kutumia lipa namba na mfanyabiashara huyo akaendelea kuitumia, wakala apate sehemu ya ada ya miamala hiyo kwa muda unaoeleweka. Akimsaidia mteja kufunga laini iliyoibiwa, akimsaidia mzee kubadilisha namba ya siri, iandikwe na ilipwe. Mnazo kumbukumbu za kila kinachobonyezwa. Kulihesabu hili hakuwashindi.

Wenye benki mliopo: dirisha la mawakala, kila tawi, kila siku ya kazi. Anayeleta floti na kuchukua noti asipange foleni na mtu anayefungua akaunti. Mnajenga matawi machache vijijini kwa sababu wakala anawafanyia kazi ya tawi. Mpeni angalau dirisha.

Benki Kuu, kupitia mwakilishi wake aliyepo: tunaomba miamala midogo kupitia TIPS, tuseme chini ya shilingi 20,000, isikatwe chochote mtu anapotuma. Na tunaomba kanuni ya hasara za utapeli igawe mzigo: wakala akitoa taarifa mapema, kampuni ikachelewa kuzuia, kampuni ilipe.

Ndugu Mkuu wa Wilaya, kwako ombi ni dogo na liko ndani ya uwezo wa ofisi yako. Msimu wa mavuno tunajua tarehe zake, tunajua maghala yake, tunajua magari yanapokusanyika. Askari wawili wa doria kwenye njia ya kutoka minadani hadi benki, siku za mnada, watapunguza uporaji kuliko mabango yote tuliyobandika. Mwaka hadi mwaka tunazika watu walioporwa wakiwa wamebeba hela ambazo si zao.

Na ninyi mawakala, kinachotukwamisha ni kwamba tuko wengi na kila mmoja anazungumza peke yake na kampuni. Kikoba cha wanawake kumi kina katiba, mweka hazina na faini ya kuchelewa. Sisi tunaohamisha mabilioni ya mkoa huu hatuna hata orodha ya majina yetu. Ndiyo maana tumewaita leo. Baada ya chakula tutagawana kwa wilaya. Kila wilaya ichague watu watatu, angalau wawili wawe wanawake, maana ndio wengi vibandani na ndio wachache kwenye vikao. Karatasi za kuandikisha ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Andika jina, kata yako, na tukio lolote la wizi au utapeli lililokupata mwaka huu, pamoja na tarehe na kiasi. Usiandike namba yako ya siri wala namba ya uwakala, mtu yeyote asikuambie uandike. Rasimu ya barua ya maombi haya itasomwa saa tisa, na tutaisahihisha pamoja kabla ya kumkabidhi mgeni rasmi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.